Binti Aliyemsoma Baba Yake

Kitabu cha darasa la nne tulicholetewa mwaka ule kilikuwa na hadithi ya msichana mmoja mwema kupita kiasi. Anakwenda shule, anakuta daraja limesombwa na maji. Anasimama. Anasikitika. Anasubiri. Anatokea mtu mwema, anambeba mgongoni na kumvusha. Msichana anasema asante, wote wanafurahi, na chini yake kuna swali: "Mhusika mkuu alikabilianaje na changamoto?"

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili kwenye shule moja ya msingi miteremkoni mwa Meru, juu kidogo ya Nkoaranga, mahali ambapo mtoto anavuka korongo kila asubuhi na hakuna anayempa hongera. Niliuliza swali kama lilivyoandikwa, kwa sauti ya mtu anayelipwa kuuliza.

"Hakukabiliana," mmoja akajibu. "Alisimama tu."

"Kwa nini hakupita juu kwenye gogo?" akauliza mwingine.

"Mwalimu, huyo mtu mwema alikuwa anatoka wapi asubuhi yote hiyo kubeba watoto wa watu?"

Hapo darasa zima likamwacha msichana na kuanza kumjadili mtu mwema, na mengine yaliyosemwa siwezi kuyaandika. Kiongozi cha mwalimu kilitaka tufikie jibu moja tu: alikabiliana kwa uvumilivu. Nilipowasomea jibu hilo, mtoto mmoja wa dawati la nyuma alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, ikabidi atolewe nje akanywe maji. Nami nilikuwa upande wake. Nilifunga kitabu nikakiweka chini ya boksi la chaki, na huko ndiko kilikokaa hadi mthibiti ubora alipotutembelea.

Mimi ni mtoto wa mjini, mitaa ya zamani ya Arusha. Marehemu baba alitoka Kondoa akauza vitambaa maisha yake yote, na mama ana asili ya Tanga na mdomo wa huko huko. Kwetu hakuna aliyewahi kumeza neno. Ugomvi ulianza na chai ya asubuhi ukaisha kabla ya adhana ya adhuhuri, halafu tukaulizana nani anakwenda sokoni. Serikali ikanichukua nikiwa hivyo hivyo, ikanipeleka mlimani kwenye baridi na utelezi, kwa watu wanaoweza kukaa kimya mbele yako mpaka ukiri makosa ambayo hukuyafanya. Mwaka wa kwanza nilidhani wananichukia. Mwaka wa pili nikajua wanasubiri tu nimalize kuongea.

Basi nikatunga somo langu mwenyewe. Ubaoni nikaandika kwamba mhusika akipata tatizo huwa anapigana, au anakimbia, au anaomba msaada, au anakaa akafikiri. Nikaongeza kwamba kuna wahusika wanaobadilika kadiri hadithi inavyokwenda, na kuna wasiobadilika, ambao ukiwajua ukurasa wa kwanza umewajua mpaka wa mwisho. Watoto walilipenda hilo. Kwa wiki nzima kila aliyechelewa shule aliitwa mhusika asiyebadilika. Kisha nikawapa kazi ya nyumbani ambayo haipo kwenye mtaala wowote: chagua mtu mmoja wa kwenu, mwangalie anafanya nini jambo likimharibikia, uje utusomee.

Kazi ile niliifurahia kuliko walivyoifurahia wao. Mmoja aliandika kwamba mama yake akiishiwa chumvi anakwenda kwa jirani, lakini jirani akiishiwa chumvi, mama anasema na kwetu imeisha. Mwingine aliandika kwamba umeme ukikatika kaka yake analala, ukirudi anaendelea kulala. Mwingine alimchagua mchungaji, akasema mvua ikipiga bati mahubiri yanakuwa mafupi na watu wanaimba vizuri zaidi.

Kisha akasimama binti wa dawati la dirishani. Huyu alikuwa amekaa darasani kwangu zaidi ya mwaka bila kusema zaidi ya "shikamoo mwalimu" na "naomba ruhusa nikajisaidie". Mwandiko wake ulikuwa safi, lakini sauti hana. Walimu wenzangu walisema ni mzito. Mimi nilibisha, tena nilibishana nao kweli kweli ofisini, kwa sababu nilikuwa nimeona macho yake yakikimbia kwenye mistari wakati wengine wanasukumana na silabi. Nilikuwa nimempa vitabu vyangu vya nyumbani, kimoja baada ya kingine, na vyote vilirudi vimesomwa. Siku ile alifungua daftari akasoma bila kunitazama:

"Baba yangu ni mhusika asiyebadilika. Ng'ombe akikata kamba, baba anapiga kelele. Kahawa ikinyeshewa, anapiga kelele. Mama akichelewa, anapiga kelele. Simu ikipotea, anapiga kelele mpaka ipatikane. Ikipatikana, anauliza kwa kelele nani aliiweka hapo. Ni yeye."

Darasa lilianguka. Mimi mwenyewe nilishika meza. Nilicheka kwa sababu ilichekesha, na nilicheka kwa furaha, maana mtoto wangu bubu alikuwa amefungua kinywa na kumbe ndani yake kuna wembe. Nikampa alama zote. Halafu nikamshika mkono nimpeleke darasa la tano nako akawasomee.

"Mwalimu, hapa panatosha," akasema.

Nikamwambia jambo zuri halifichwi. Akasoma darasa la tano. Wakacheka kuliko wetu.

Sasa baba yake hakuwa mtu wa kujificha. Alikuwa mzee wa kanisa, na si mzee wa kanisa tu, ndiye aliyeendesha mnada. Kila Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao hutolewa nje: mikungu ya ndizi, maparachichi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Vyote vinanadiwa pale uwanjani, na yule mwanaume alikuwa na sauti ya kuuza jogoo kwa mtu aliyekuja na jogoo wake. Mimi si wa kanisa, ila ndizi hazina dini. Nilikuwa nikienda kila Jumapili na kikapu changu na ushungi wangu, watu wananipisha, na nimewahi kumzidi dau mchungaji mwenyewe kwenye mkungu wa ndizi za mshare.

Jumapili iliyofuata nilikuwepo. Baba mtu alipanda juu ya kiti kama kawaida yake, akainua trei la mayai. "Nani anaongeza? Nani anaongeza?" Mara kutoka upande wa watoto kikasikika kicheko. Akapaza sauti zaidi. Kicheko kikazidi. Akawageukia kuwakemea, na hapo mtoto mmoja wa darasa la tano, Mungu amsamehe, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa akina mama wa kwaya: "Ni yeye!" Watoto wote wakalala chini. Watu wazima wakauliza kuna nini, watoto wao wakawaeleza, na mayai yale yalinunuliwa na watu waliokuwa wakijiuma midomo. Nilimwona yule binti amesimama karibu na mama yake, ameinamisha kichwa. Mimi nilinunua kabichi nikaondoka upesi.

Jumatatu baba alikuja shuleni. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alianza kuongea getini, akapita mlingoti wa bendera akiongea, na alipofika mlangoni kwangu madarasa yote yalikuwa yameshaacha kusoma.

"Ndiyo mnachofundisha? Kuchunguza wazazi? Mtoto anatumwa kunipeleleza nyumbani kwangu, anakuja kunitangaza!"

Kuna majibu ya adabu kwa mzazi aliyekasirika. Nilifundishwa chuoni na nilifaulu somo hilo. Lakini alikuwa amesimama mbele ya darasa lililosoma somo zima, anapiga kelele, na mimi ni mtoto wa mama yangu.

"Asante kwa kuja, mzee," nikasema. "Nilikuwa natafuta mfano hai."

Hakuna mtoto aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua nimevuka mpaka. Yule mwanaume akamwambia binti yake achukue begi. "Kuanzia leo hasomi hapa. Anakwenda Kikwe kwa bibi yake. Huko wanafundisha kusoma na kuandika." Binti akakusanya vitu vyake pole pole, akaweka kitabu changu juu ya dawati, akamfuata.

Nilikasirika siku nzima na nikashindwa kula. Kila nilipogeukia ubao, nikigeuka tena nilikuwa naangalia dirishani. Niseme wazi: nilimtaka mtoto yule arudi. Wengine wote walikuwa wanangu, lakini yule nilikuwa nimemtoa chini kwa mikono yangu, na nilijua shule ya watoto wengi asiojuana nao itamfanya nini. Angekaa dirishani tena, wangesema tena ni mzito, na safari hii pasingekuwa na mtu wa kubisha.

Mwalimu mkuu, mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu na aliyetumia maneno kana kwamba yanakatwa kwenye mshahara wake, aliniita ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umemkosea mtu."

"Mimi? Yeye ndiye aliyekuja kupiga kelele..."

"Mbele ya watoto. Peleka isale."

Isale nilikuwa nikiiona kila siku bila kuijali. Ni ule mmea wa majani marefu wanaoupanda mipakani mwa mashamba. Mwalimu mkuu alinieleza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Mtu akikukosea akaja kwako na jani la isale lililofungwa fundo, ni lazima umsamehe, hata kama damu inakuchemka. Na mbele ya jani hilo hupandishi sauti. Ukikataa, kesi inahama kutoka kwake inakuja kwako, na wazee waliokuwa upande wako jana wanakugeuka leo.

"Hata mimi Mwislamu wa mjini?" nikauliza.

"Jani halijui," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilibishana na nafsi yangu siku mbili. Nani amwombe nani? Kwetu mtu akikosewa anasema, mwenzake anasema, wanasemeshana mpaka wachoke. Mambo ya kupelekana majani niliyaona ya mbuzi. Lakini kadiri nilivyolifikiria nilianza kulipenda. Jani ambalo haliwezi kukataliwa! Mtoto wangu alikuwa nyuma ya mlango, na watu wa mlimani walikuwa wamenipa ufunguo.

Nikaondoka baada ya swala ya alasiri na kilo mbili za sukari. Njia ya kwao inapanda katikati ya kahawa na migomba, imejaa utelezi, na mimi viatu vyangu ni vya mjini. Nilianguka mara moja kwa heshima na mara moja bila heshima yoyote. Nilipofika karibu na nyumba ndipo nikakumbuka kwamba sukari ninayo, jani sina. Pembeni pale pale kulikuwa na isale zimesimama mstari mzuri. Nikachagua jani pana kuliko yote, nikalivuta, nikalifunga fundo kama nilivyoelekezwa, nikapiga hodi.

Mama wa nyumba alinipokea vizuri mno. "Karibu mwalimu, pole na matope." Akaniketisha, akamimina chai ya maziwa, akarudi jikoni lakini akauacha mlango wazi. Binti alikuwa nje kwenye beseni anaosha vyombo. Alinisalimia, nikaitikia marahaba. Baba akatoka chumbani, akaona nilichoshika mkononi, akasimama.

"Mzee, nimekuja," nikasema, na kwa kweli maneno yalinipotea, mimi niliyezaliwa nayo. Nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Alilitazama. "Umelitoa wapi?"

"Hapo nje."

"Hapo nje wapi?"

"Hapo njiani, kwenye mstari."

"Huo ni mpaka wangu na mdogo wangu," akasema. "Tumeupanda mbele ya wazee baada ya kugombana miaka. Hakuna anayeugusa." Niliona shingo yake ikivimba na mshipa ukisimama. Akajizuia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, inatetemeka kwa kubanwa. "Yaani wewe mwalimu umekuja kuniomba msamaha kwa jani langu mwenyewe."

Jikoni kitu kilidondoka, na mama akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha moshi. Mimi nilikaza uso kwa nguvu zangu zote. Nikawaza nikicheka sasa, mtoto simpati mpaka Kiyama.

"Sikujua, mzee. Naomba unisamehe na hilo pia."

Akalipokea. Alikaa, akaliweka mezani kati ya vikombe, akalinyoosha kwa kidole. "Yameisha," akasema. "Kesho atakuja shule."

Sikumbuki kama nilisema asante. Nakumbuka nilivyojiona mjanja. Nilikuwa naona kabisa dawati la dirishani, nikipanga kitabu gani nimpe kwanza. Mama alileta ndizi za kuchoma kusherehekea. Hapo binti akaja mlangoni, mikono inachuruzika maji ya sabuni.

"Baba," akasema. "Mimi naomba niende kwa bibi."

Tulimgeukia wote.

"Si nimeshasamehe?" baba akasema.

"Umemsamehe mwalimu."

"Na wewe pia nimekusamehe."

"Mimi nilijibu swali, baba."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayerekebisha kitabu. Baba akalisogeza lile jani mezani. "Kikwe kuna nini?" akauliza.

Binti alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, nilishasema. "Kwa bibi nikimwaga maji, bibi ananiambia chukua tambara."

Tukasubiri aendelee, lakini alikuwa amemaliza. Nilitazama sakafu ile ya saruji iliyosuguliwa, nikaelewa maji yakimwagika pale inakuwaje. Baba naye aliitazama.

Nikaona ninapoteza, nikaingilia. Nikamwambia huko darasa litakuwa limejaa, hakuna atakayemjua, hatapata mwalimu wa kumpa vitabu. Nikasema, bila aibu, kwamba hatapata mwalimu kama mimi. Nilikuwa nimeanza kupaza sauti.

"Nitakuwa nasoma, mwalimu," akasema. "Kwa bibi kuna kimya." Kisha, kwa kuwa ni mtoto wa haki, akaongeza: "Wewe ni mzuri. Lakini darasa la tano nilikuambia panatosha."

Sijawahi kupigwa kofi ukubwani, lakini sasa najua linavyokuwa. Ilinichoma, na papo hapo nikajivunia, mambo mawili yakinisukuma kwa wakati mmoja mpaka machozi yakaja. Ndiye mwanafunzi pekee aliyelielewa somo lote. Mhusika alikuwa amepata tatizo, amekaa akafikiri, na alichoamua ni kutukimbia sisi wawili.

Baba akasimama. Mama, aliyekwisha kurudi jikoni, akaacha kukoroga sufuria. Kila mmoja wetu alijiandaa kwa namna yake. Mimi nilishika kikombe. Yule mwanaume akatazama mlima kupitia dirishani, akakaa tena.

"Bibi yako anajua?"

"Nilimwambia Jumapili."

"Kwa simu ya nani?"

Binti akatupa jicho jikoni. Mama akaanza kukoroga tena, kwa bidii.

"Jumamosi nitakupeleka mwenyewe," baba akasema, kwa sauti ambayo isingeuza hata yai moja.

Binti akasema asante baba, akafuta mikono kwenye gauni, akaingia chumbani. Tukabaki wawili na lile jani mezani. Tulimsikia akivuta begi kutoka uvunguni, akifungua zipu, akitenga nguo. Ilikuwa siku ya katikati ya wiki tu, Jumamosi bado iko mbali. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri za kumzuia na sauti ya kuzisema, naye baba mtu vivyo hivyo. Nikanywa chai yangu, ilikuwa imepoa, na hakuna kati yetu aliyesema neno.